Kwa baiskeli bondeni mwa Tana: Njia zisizo na magari zina wenyewe

MADOGO ni mji mdogo ulio kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Tana, mkabala na Garissa. Msafiri atokaye Nairobi kupitia Thika na Mwingi huufikia kabla ya kuvuka daraja. Mabasi yaendayo Wajir na Mandera, malori ya mizigo na magari yaelekeayo kambi za wakimbizi za Dadaab, yote hupita katika lami hiyo moja. Kwa mwendesha baiskeli, hapo si mahali pa starehe, kwani lori moja likimpita kwa kasi, upepo wake watosha kumyumbisha.

Hata hivyo, mtu akiiacha barabara kuu na kuelekea mtoni, hukutana na vijia vilivyokanyagwa na miguu ya watu, kwato za mifugo na magurudumu ya baiskeli. Gari haliwezi kupita humo. Ni katika njia za namna hii ambapo utalii wa baiskeli hunoga: safari ya siku kadhaa ambayo mtu hubeba mahitaji yake kwenye keria, akaenda polepole na kulala njiani.

Barani Ulaya utalii huo umestawi kwa sababu serikali zimeutengea njia. Nchini Ufaransa na Ujerumani, kwa mfano, kingo za mito na reli zilizoachwa zimegeuzwa kuwa vijia vya baiskeli. Kenya haina mtandao wa aina hiyo. Njia zisizo na magari zipo, lakini hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni za wakulima, wafugaji na wachota maji, na yeyote anayetaka kuzitumia hana budi kwanza kuzielewa.

Mto uliotoka mlimani

Mto Tana ndio mrefu zaidi nchini. Maji yake hutoka katika safu ya Aberdare na Mlima Kenya. Mlima huo, wenye kimo cha mita 5,199, ni volkeno iliyozimika zamani sana. Milima ya Nyambene huko Meru, ambayo pia ilitokana na volkeno, huuongezea mto huo maji.

Kutoka nyanda za juu, Tana hupitia mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kisha huingia katika nchi kavu, ukapita kati ya Madogo na Garissa, na kuendelea kusini kupitia maeneo ya Bura, Hola na Garsen hadi Bahari Hindi karibu na Kipini.

Udongo unaomomonyoka huko juu ndio huyapa maji rangi ya kahawia, na ndio uliorutubisha kingo ambako Wapokomo na Wamunyoyaya hulima. Baiskeli inayopita chini ya miembe ya bondeni huwa inakanyaga vumbi ambalo sehemu yake ilitoka milima ya volkeno, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kuanzia Madogo hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 200, na nchi yote ni tambarare. Hakuna vilima vya kumtoa mtu jasho. Jasho hutolewa na jua, kwani joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi.

Funzo la Hell's Gate

Mkenya anayetaka kuendesha baiskeli katikati ya nchi ya volkeno kwa kawaida huenda Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mbuga hiyo, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1984, ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo wageni huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli. Magari huingia pia, ila ni machache. Mgeni hupita katikati ya majabali marefu huku pundamilia na swara wakila majani kando ya njia, na mvuke wa Olkaria ukipaa kwa mbali. Mvuke huo umekuwa ukitumiwa kuzalisha umeme tangu mwaka wa 1981.

Katika korongo la Ol Njorowa, ambalo mgeni huliingia kwa miguu baada ya kuegesha baiskeli, maji yaliyokuja ghafla yaliwaua watu saba mnamo Septemba 2019. Mafuriko ya aina hiyo yaweza kutokana na mvua iliyonyesha mbali, wakati anga juu ya msafiri ni safi.

Funzo hilo ndilo la kwanza kwa mtu anayeelekea bonde la Tana. Mto waweza kufurika Madogo bila tone la mvua kudondoka Madogo, ikiwa mvua imenyesha Mlima Kenya na mabwawa yamejaa. Mnamo Aprili 2024, mafuriko yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Mashua iliyokuwa ikivusha abiria eneo la Kona Punda ilizama na watu kadhaa wakafa. Kwa hivyo, miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, si ya kuendesha baiskeli kandokando ya mto. Hata pasipo mafuriko, udongo mweusi wa bondeni ukilowa hunata magurudumuni hadi yakakataa kuzunguka.

Malka: Njia ya ng'ombe

Kando ya Tana, vijia visivyo na magari ni vya aina tatu. Kuna vijia vya mashambani, vinavyounganisha vijiji na vivuko vya mitumbwi. Kuna kingo za mifereji ya maji katika miradi ya unyunyizaji ya Bura na Hola. Aina ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote, ni malka.

Malka ni ushoroba unaoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa maji. Wakati wa kiangazi, Waorma, Wawardei na Wasomali huleta makundi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia kutoka nyika za mbali. Mkulima akipanda mimea ndani ya malka, mifugo hukosa njia ya kufikia maji. Mfugaji naye akiiacha mifugo itoke nje ya malka, mazao huliwa.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, ambapo zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Tana. Siasa zilichangia, lakini mzozo wa ardhi, malisho na maji ulikuwa kiini chake. Mgeni anayeona kijia kipana kikishuka mtoni na kudhani kuwa ni barabara iliyosahauliwa, hajui kuwa amesimama juu ya mkataba wa watu wawili.

Kwa sababu hiyo, mwendesha baiskeli hana budi kufuata adabu za hapo. Mifugo ikija, hushuka na kusimama kando hadi kundi lote lipite, wala hapigi kengele, kwa maana ng'ombe mwenye kiu akishtuka huingia shambani. Kabla ya kupita kwenye shamba au kulala kijijini, huwaendea wazee au chifu. Wenyeji ndio wanaojua kijia kilichobomolewa na mto, mahali panapolala mamba, na saa ambazo viboko hupanda ukingoni. Ni wao pia, pamoja na maafisa wa utawala, wanaoweza kumweleza hali ya usalama ya wiki hiyo.

Miiba, maji na misitu

Adui mkubwa wa tairi katika bonde hili ni mathenge, mti wa miiba uliopandwa katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Umeenea hadi kuziba malisho na vijia, na mwiba wake mgumu hupenya tairi kwa wepesi. Msafiri hubeba tyubu zaidi ya moja, viraka, gundi na pampu. Wenyeji hupenda baiskeli nzito ya chuma, maarufu kama black mamba, kwa kuwa hustahimili mitungi ya maji na fundi wa kijijini huweza kuitengeneza.

Maji ya kunywa hubebwa ya kutosha, na safari hufanywa alfajiri na jioni. Mwendo wa usiku haufai kabisa.

Aidha, si kila msitu ni wa kuingia kwa baiskeli. Mbuga ya Kitaifa ya Kora, ambako George Adamson aliyewatunza simba aliuawa mwaka wa 1989, ina wanyama wakali. Kusini, kati ya Hola na Garsen, kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka wa 1976 kuwalinda nyani wawili adimu, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, wasiopatikana kwingine duniani. Sehemu hizi huingiwa kwa idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mbele yake ni Delta ya Tana, iliyotambuliwa mwaka wa 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii wa baiskeli waweza kumfaa mwenyeji wa bondeni kwa kuwa mgeni hununua chakula, hulipa kivuko na kulala kijijini badala ya kupita mbio ndani ya gari. Lakini faida hiyo inategemea jambo moja. Malka ikifungwa kwa ua, au ikimezwa na mathenge, baiskeli itarudi kwenye lami kubanana na malori. Ng'ombe wa Muorma hana lami ya kurudia, na kiu yake itampitisha katika shamba la Mpokomo.