Brigita wa Kasulu, Birgitta wa Sweden: jina ni lile lile

Wadau wa Kasulu na Kibondo, nani kati yenu hana shangazi, mama mkubwa au mwanafunzi mwenzie anayeitwa Brigita? Wengi tunasema ni jina la Kizungu tu, basi. Kumbe lina safari ndefu.

Mzizi wake ni wa Ireland, Brigit, maana yake "aliyetukuka". Ukristo ulipoenda kaskazini likaingia Sweden na kugeuzwa Birgitta (angalia r ilivyohama!). Huko limezaa majina kibao: Birgit, Britta, Berit, Gitta. Kama nyumbani kwenu Brigita mnamkatisha kuwa Gita, Waswidi walishawatangulia.

Aliyelipa umaarufu ni Birgitta binti Birger, aliyezaliwa Uppland yapata 1303. Watu wanadhani alikuwa sista tangu utotoni. Wapi! Aliolewa na Ulf Gudmarsson akiwa na miaka kama 13 tu, wakapata watoto 8. Mume alipofariki 1344, mama huyu mjane akaanzisha shirika la watawa, akahamia Roma, na akawa anawakaripia wafalme na hata mapapa waliokuwa wamekimbilia Avignon. Alifariki 23 Julai 1373, akatangazwa mtakatifu 1391.

Kwetu halikuletwa na Waswidi. Mapadre Weupe walifika Ujiji 1879, na majina ya ubatizo yakawa yanatoka kwenye kalenda ya watakatifu. Kiha nacho hakipendi b na r zibanane, ndo maana bibi anakuita Burigita. Warundi waliopitia kambi za Nyarugusu na Nduta wao walikuja na Brigitte, manake wenzetu walibatizwa kwa Kifaransa.

Sasa kasheshe: somo wako ni yupi? Wako wawili. Brigida wa Kildare, Ireland, ni 1 Februari. Birgitta wa Sweden ni 23 Julai. Lakini kabla kalenda ya Kanisa haijarekebishwa 1969, huyu wa Sweden alikuwa 8 Oktoba. Kwa hiyo bibi aliyebatizwa miaka ya 50 akikwambia sikukuu ya somo wake ni Oktoba, usimbishie, yuko sahihi kabisa.

Kasheshe nyingine ni herufi. Brigita, Brigitha, Brigitta, Bridgita... kwa asili hakuna lililokosewa, Waswidi wenyewe wanayo mengi kuliko sisi. Ila makaratasi hayajui historia. Cheti cha kuzaliwa, usajili wa mtihani na kitambulisho cha taifa vyote vinataka jina moja, herufi kwa herufi. Wewe uliye form two hebu kalinganishe leo. Dada yangu ni Brigitha kwenye cheti cha ubatizo, Brigita kwenye cha form four. Aliishia kwa wakili kula kiapo, kisa h moja.