Nakshi za Beit-al-Ajaib na ukuta unaozibeba

Wakazi wa Suna, katika Kaunti ya Migori, ni majirani wa mojawapo ya kazi kuu za mawe Afrika Mashariki: Thimlich Ohinga, iliyo yapata kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilipangwa bila udongo wala chokaa. Anayezitazama hustaajabia mpangilio wa mawe yenyewe. Katika miji ya pwani, fundi alitafuta sifa yake mahali pengine: mlangoni.

Mfano mashuhuri ni Beit-al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sultani Barghash bin Said aliijenga mwaka 1883 iwe jumba la sherehe na mapokezi. Baada ya mizinga ya Waingereza kuharibu majumba jirani Agosti 27, 1896, mnara wa saa uliongezwa mbele yake. Kuanzia 1911 jengo hilo lilikuwa makao ya ofisi za serikali ya kikoloni.

Milango yake mikuu imechongwa nakshi za kuinuka. Katika kazi hiyo fundi huchora umbo juu ya ubao, kisha kwa patasi huondoa mbao zinazolizunguka, hata ua au herufi ibaki imesimama juu ya uso uliochimbwa. Jua linapopiga upande mmoja, kivuli huonyesha umbo. Ndiyo maana nakshi ya namna hii husomeka hata bila rangi.

Sehemu zinazopambwa zaidi katika mlango wa Kiswahili ni miimo ya pembeni, kizingiti cha juu, na mfaa, yaani ubao wima unaoziba mwanya kati ya pande mbili za mlango. Huonekana humo maua, mawimbi, samaki, minyororo na matawi ya mtende. Kwenye milango ya Beit-al-Ajaib yamechongwa pia maandishi ya Kurani. Wapo wanaosema mnyororo huashiria utumwa, wengine ulinzi wa nyumba. Tafsiri hizo ni za watazamaji kuliko za mafundi. Lisilo na shaka ni kwamba mlango ulitangaza cheo cha mwenye nyumba kabla mgeni hajabisha hodi.

Hata hivyo, nakshi haiishi peke yake. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa likivuja, maji hupenya ukutani, chokaa hulegea na boriti huoza. Mbao ngumu ya mlango yaweza kudumu karne nzima huku ukuta unaoushikilia ukidhoofika kimyakimya.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini heshima hiyo haikuzuia uchakavu. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ya Beit-al-Ajaib ilianguka. Desemba 25, 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka. Wafanyakazi wawili walifariki.

Hapo ndipo Zanzibar na Migori zinapokutana. Thimlich Ohinga iliingia katika orodha hiyohiyo mwaka 2018. Ukuta wa mawe makavu husimama kwa kushikana: jiwe moja likichomolewa, mengine hulegea, na kwato za mifugo au mizizi ya mti humalizia kazi. Anayerudisha jiwe mahali pake leo humwepusha mjukuu wake na gharama ya kujenga upya.

Serikali na kaunti hupenda kutenga fedha kwa kile kinachopigwa picha. Urithi hutunzwa kwanza darini, kwenye mifereji ya maji na kwenye misingi, mahali ambapo hakuna mtalii anayeelekeza kamera yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta mpya hauleti tena mkono wa fundi wa 1883.