Taa moja ilitosha kuua usiku wa boma letu

Hii naandika nikijua nusu yenu mtanipinga kwa comments, lakini sawa tu. Mwaka jana nilipata hela kidogo ya kazi, nikanunua taa ya sola, ile nyeupe kali, nikaipachika ukutani nyumbani kwetu karibu na Dunga. Nilijiona mwanaume. Dani, yaani nyanya yangu kwa wale si Wajaluo, huwa anakaa nje kila jioni chini ya mwembe. Usiku wa kwanza aliuliza ni nani ameleta mchana. Wa pili akahamisha kiti nyuma ya nyumba. Wa tatu hakutoka.

Nikaanza kumuuliza watu walikuwa wanakaaje nje zamani, kabla ya stima. Na hapo ndio nikagundua kwamba boma la Mjaluo lilikuwa limepangiwa usiku kabisa, kuliko hata mchana.

Anza na ua. Ukienda Migori utaona Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zimesimama karibu miaka 500 sasa. UNESCO waliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Mahali pengine kuta zinapita mita 4, na milango ni mifupi, unaingia umeinama. Kazi yake ilikuwa kulinda watu na ng'ombe. Baadaye watu wengi walitumia ojuok, yaani mnyaa, ule mti wa maziwa. Ukishafunga boma hivyo, ndani kunaweza kubaki giza na bado mtu akatulia. Sisi tumegeuza: ua ni waya mbili tatu, halafu taa ndiyo askari.

Ndani ya ule ua kulikuwa na moto. Duol ilikuwa kibanda kidogo cha mwenye boma, karibu na zizi. Jioni wanaume na vijana walikusanyika pale, chakula kikaletwa, na kijana akasikia mambo ya ukoo, ya mashamba, ya kesi. Wasichana walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee, ambako walilala na kupewa sigana na vitendawili. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alikuwa anasema wazi kwamba hadithi za nyanya yake zilimlea kama mwandishi. Yaani kuna vitabu vimetoka kwenye kukaa gizani tu na mzee. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa tamu. Duol haikuwa ya wanawake, na Dani mwenyewe alisema, "Nyakwara, sisi tulikuwa tunapeleka chakula tu, mazungumzo tulisikilizia njiani." Halafu reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, kukaja kodi, wanaume wakaenda kutafuta mshahara, watoto wakaenda shule. Moto wa jioni ulikosa watu kabla hata stima haijafika.

Sasa nirudi kwa taa, maana hapa ziwa lenyewe lina maoni. Kuna wale wadudu tunaita sam. Wanakua kwenye matope chini ya maji, halafu siku moja wanapaa kama moshi juu ya ziwa. Hawaumi, lakini wakiona mwanga mkali wamefika kwako. Asubuhi moja nilifagia karibu nusu karai chini ya taa yangu. Wavuvi wa omena wanaijua hii siri vizuri: wanawasha taa usiku usio na mwezi ili omena wapande juu, na mwezi ukiwa mpevu wengi wanapumzika, kwa sababu taa inakosa nguvu mbele ya mwezi. Ukisimama Dunga usiku wa giza unaona mji mzima juu ya maji. Mimi nilikuwa nimegeuza boma letu kuwa mtumbwi wa omena, bila faida yoyote.

Kwa hivyo nikaishusha. Nikaweka balbu mbili za njano, chini, zikimulika shina la mwembe na njia ya kwenda chooni. Mwanga wa njano hauiti wadudu sana kama ule mweupe. Nimepanda asmini karibu na kiti, kwa sababu maua meupe ndiyo unaona gizani, na asmini inanukia zaidi jua likizama. Makopo yote yenye maji nimemwaga, maana malaria hapa kwetu si mchezo, na Dani anakaa amejifunga leso miguuni. Halafu nikachukua karai lililotoboka, nikaweka kuni tatu.

Jirani alinicheka, akaniuliza mwizi akija nitamuona na nini. Swali ni la haki. Ile taa kubwa bado ipo, iko upande wa geti, na inawaka tu kitu kikipita.

Juzi Dani alitoka. Akakaa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniambia nisogeze kiti chake, moshi unamfuata. Nikakisogeza. Akaniuliza kama nimewahi kusikia vile babake alivyovuka kutoka Uyoma.