Majina Mawili Chini ya Uluguru

Nikiwauliza wanafunzi wangu wanataka kufanana na nani, wengi hutaja wenye mali na wenye vyeo. Ni nadra mtu kutaja alichokifanya huyo anayemtaja. Hapo ndipo penye kosa, na historia ya Morogoro yaweza kutusaidia kulirekebisha.

Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, akiwa Waziri Mkuu, njiani kutoka Dodoma. Julai mwaka huohuo kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina lake. Anakumbukwa kwa uadilifu na kwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Hata hivyo, sheria ya 1983 iliyoendesha vita hiyo iliwanyima watuhumiwa dhamana na wakili. Mwaka uliofuata ilibidi itungwe nyingine. Mtumishi wa umma anayemwiga Sokoine na aige mikono yake safi, si haraka ile ya kuruka haki za mtuhumiwa.

Kampasi ya Mazimbu, mali ya chuo hichohicho, ina jina la Solomon Mahlangu. Kijana huyu wa Afrika Kusini aliondoka kwao baada ya maasi ya Soweto ya 1976, akakamatwa Johannesburg mwaka uliofuata. Watu wawili waliuawa katika tukio hilo. Aliyefyatua risasi alikuwa mwenzake, lakini Mahlangu ndiye aliyenyongwa, tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Chama cha ANC kikaipa jina lake shule yake ya Mazimbu, iliyojengwa kwenye shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali ya Tanzania.

Vijana waliosoma pale walikuwa rika lake. Walimuenzi kwa hesabu, sayansi na kilimo, wakijiandaa kwa nchi ambayo bado haikuwa huru. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Tanzania. Kumwiga mtu, basi, si kurudia maisha yake. Ni kuendeleza kazi aliyoiacha, kwa vipawa ulivyo navyo wewe.

Lakini marehemu hawezi kukukemea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wa kusikilizwa lazima awe hai. Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, humpa mjomba nafasi kubwa katika mambo ya ukoo. Mjomba huyo mtu humkuta tu anapozaliwa. Mlezi wa kazi na fikra, kinyume chake, lazima umtafute mwenyewe. Mchague anayejua kazi yako, asiyehitaji sifa zako, na mwenye ujasiri wa kukuambia hapana. Na wewe uliyekwisha kushika ofisi, kumbuka: yupo kijana anayekutazama, naye hakuomba ruhusa.