Masisi bado yamsubiri diwani wake

Jumatano ya tarehe 20 Desemba 2023, wapigakura wa komini za Goma na Karisimbi, katika mji wa Goma, walichagua watu wa ngazi nne kwa siku moja: rais wa Jamhuri, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa komini. Kura hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa ngeni. Tangu Katiba ya 2006 ianze kutumika, Kongo ilikuwa imekwenda kwenye uchaguzi mara tatu, 2006, 2011 na 2018, na mara zote tatu diwani aliachwa nje. Safari hii alipewa nafasi, lakini katika komini za miji mikuu ya majimbo peke yake.

Kuanzia Sake kupanda milima ya Masisi, hapakupigwa kura ya ngazi yoyote. Tume ya uchaguzi, CENI, ilikuwa imeziondoa terituari za Masisi na Rutshuru katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, pamoja na Kwamouth iliyoko upande wa magharibi mwa nchi, kwa sababu ya vita. Walikale, jirani wa Masisi, ilipiga kura ya rais na ya wabunge, ila ya diwani haikuwemo kwa kuwa Walikale si mji mkuu wa jimbo. Kwa hiyo mtu wa Kibabi, huko Masisi, aliyezaliwa mwaka ule Katiba ilipotangazwa alitimiza miaka 17 bila kuona jina la mgombea udiwani likibandikwa ukutani kwao.

Kibabi ni nchi ya vilima. Jina lake limo katika gurupema ya Muvunyi-Kibabi, ndani ya sheferi ya Wahunde, mojawapo ya vitengo vinne vinavyounda terituari ya Masisi. Vingine ni Bashali, Osso-Banyungu na Katoyi. Ardhi yake inalisha ng'ombe na kuotesha maharagwe, na chini yake mna koltani. Sehemu yenye mali kiasi hicho ilistahili kuwa na baraza linalouliza fedha zinakwenda wapi. Historia ya baraza hilo ni ndefu, na inaumiza.

Dikrii ya Kibelgiji ya mwaka 1933 ndiyo iliyozipa sheferi na sekta umbo la kisheria. Mwami, yaani chifu wa kimila, alikaa na wazee wake, wakaitwa baraza, lakini mwenye neno la mwisho alikuwa msimamizi Mzungu wa terituari. Mwaka 1957 Wabelgiji walilegeza kamba kidogo. Desemba ya mwaka huo wanaume wa miji mitatu, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, waliruhusiwa kuchagua madiwani wa komini zao, alimradi wawe wametimiza miaka 25. Wanawake hawakuhesabiwa. Katika komini ya Dendale, Léopoldville, alipatikana burugumesta aliyeitwa Joseph Kasa-Vubu. Alipoapishwa Aprili 1958 alitumia hotuba yake kudai uchaguzi mkuu na madaraka ya ndani kwa Wakongo wote. Miaka miwili na miezi michache baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi. Serikali ya kikoloni ilidhani inatoa viti vya kusimamia mitaro na masoko, kumbe imefungua mlango wa siasa nzima.

Huko Masisi, mwaka 1957 ulikuwa na maana nyingine kabisa. Tangu 1937 utawala wa kikoloni ulikuwa ukihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaleta kwenye milima hii, kupunguza msongamano wa kwao na kuyapatia mashamba ya walowezi watu wa kazi. Waliundiwa sheferi yao, Gishari, ikiongozwa kwanza na Bideri, kisha Bucyanayandi. Mwaka 1957 Gishari ikafutwa, na ardhi yake ikarudi chini ya machifu wa Kihunde. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya wakazi wa Masisi ilibaki bila chifu wa kwao, wakati ule ule kura zilipoanza kuhesabiwa. Kila uchaguzi wa mtaa ukawa na swali lililofichwa ndani yake: anayehesabiwa kuwa mwenyeji ni nani?

Ndiyo maana katika Masisi kiti kidogo cha baraza kimekuwa kizito kuliko kiti cha bunge. Mbunge huenda Kinshasa. Anayekaa kwenye baraza la mtaa hugusa ardhi, soko na hati za uraia. Mara baada ya uhuru, ugomvi wa vyeo vya utawala ulichangia kuwasha vita iliyoitwa Kanyarwanda, kuanzia 1963 hadi 1965. Chini ya Rais Mobutu madiwani walichaguliwa mara kadhaa, wote wakiwa wa chama kimoja, MPR. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wengi wa waliotoka Rwanda na Burundi. Sheria ya Juni 1981 ikaurudisha nyuma. Chaguzi za mwisho wa miaka ya 1980 zikakwama Kivu ya Kaskazini juu ya swali hilo hilo. Mfumo wa vyama vingi ulipofunguliwa na watu kuanza kupiga hesabu ya nani atapiga kura na nani hatapiga, moto ulikuwa umeshaandaliwa. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wakafa kabla ya mkimbizi hata mmoja wa mwaka 1994 kuvuka mpaka kutoka Rwanda. Wanaosema kwamba vita vya Kivu vilitoka Rwanda peke yake wanaisahau Ntoto.

Sheria ilikuja kumtambua diwani upya tarehe 7 Oktoba 2008. Sheria hiyo, namba 08/016, inataja vitengo vinne vyenye mamlaka yake: mji, komini, sekta na sheferi. Kila kimoja kinapaswa kuwa na baraza la watu waliochaguliwa kwa miaka mitano. Katika sheferi Mwami hachaguliwi, anafuata mila. Lakini baraza lililo kando yake linachaguliwa, na ndilo linalojadili bajeti na kukagua matumizi. Katika sekta, baraza ndilo linalomchagua chifu wa sekta. Ni sheria nzuri. Mwandishi huyu ameisoma kwa makini na hakuona ndani yake sababu yoyote ya Masisi kusubiri. Lakini kwa kuwa uchaguzi haukufanyika, wakuu wa sekta wameendelea kuteuliwa kutoka juu, na bajeti za sheferi zimeendelea kupitishwa bila baraza.

Hasara ya kukosa baraza inaonekana wazi zaidi kwenye madini. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa kitengo cha mtaa ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia hizo 15 si kitu kidogo. Walikale ina bati la Bisie, katika sekta ya Wanianga, ambalo kampuni ya Alphamin imekuwa ikilichimba kwa mashine tangu 2019. Masisi ina koltani ya Rubaya, inayotoa takriban asilimia 15 ya tantalumu ya dunia nzima, madini yanayoingia kwenye simu na kompyuta. Sheria imezipa sekta na sheferi fedha hizo, na imezipa baraza la kuzilinda. Fedha ziliruhusiwa kuja, mlinzi hakuruhusiwa. Ni nani basi aliyekuwa na haki ya kusimama mbele ya chifu wa sekta na kumwomba risiti?

Hapo ndipo inapoingia shule, kwa sababu kuna baraza moja ambalo watu wa milima hii wamelichagua wenyewe kwa miaka mingi: komite ya wazazi.

Asili yake nayo ni ya kisiasa. Mobutu alizitaifisha shule za makanisa katikati ya miaka ya 1970, akashindwa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 akatia mkataba na makanisa ili wazisimamie tena, dola ikibaki kuwa mwenye shule na mlipaji wa mishahara. Mlipaji huyo hakudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikuwa haitoshi hata gunia la unga, wakagoma, na shule zikasimama. Wazazi na makanisa wakakubaliana kuwa wazazi wamlipe mwalimu nyongeza. Nyongeza hiyo ikaitwa primu. Ilikusudiwa kuwa ya muda mfupi, ikadumu zaidi ya robo ya karne.

Anayepanga kiasi cha primu lazima awe na watu nyuma yake, la sivyo hakuna atakayelipa. Kwa hiyo mkutano wa wazazi mwanzoni mwa mwaka wa shule ukawa ndio uchaguzi wa kweli wa kijijini. Wanasimama watu, wanatajwa majina, inanyooshwa mikono. Mwenyekiti wa komite anaingia kwenye baraza la uendeshaji wa shule pamoja na direkta na wawakilishi wa walimu. Anajadili primu, mabati, madawati, mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa ada, mwalimu asiyefika darasani. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imeviweka vyombo hivyo kwenye maandishi, lakini vilikuwa vimeshaishi muda mrefu kabla ya wino huo.

Zilikuwepo dosari. Primu iliwatupa nje watoto wa maskini, hasa wasichana, na zipo komite zilizogeuka muhuri wa direkta. Hata hivyo, mzazi aliweza kumwondoa mwenyekiti mwaka uliofuata, jambo ambalo hakuweza kumfanyia mtawala mwingine yeyote kati ya nyumba yake na Kinshasa. Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipotangaza elimu ya msingi bila malipo kama Katiba inavyoagiza katika kifungu cha 43, watoto walifurika madarasani na komite zikapoteza fedha zilizokuwa mkononi mwao. Kazi haikupungua. Walimu wengi walikuwa bado hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, na mzazi aliyechaguliwa ndiye aliyeulizwa kwa nini mwalimu haji.

Katika nchi nyingine, mtu wa aina hiyo angepanda ngazi. Grace Onyango alikuwa mwalimu kabla ya kuwa diwani wa Kisumu. Mwaka 1965 akawa meya, mwanamke wa kwanza Kenya kushika cheo hicho, na 1969 wapigakura wa mji wakampeleka bungeni. Huko Portland, katika jimbo la Maine, Marekani, ambako Wakongo wengi wamepata hifadhi, Pious Ali, mzaliwa wa Ghana, alichaguliwa kwanza kwenye bodi ya shule, kisha mwaka 2016 kwenye baraza la mji. Aliyeikimbia Kivu akapata uraia huko anaweza kupiga kura zote mbili, ya bodi na ya baraza. Ndugu yake aliyebaki milimani anayo ile ya shule peke yake. Tanzania nayo ilizifuta serikali za mitaa mwaka 1972, ikaona madhara yake, na kufikia 1984 mabaraza yalikuwa yamerudi mjini na vijijini. Kilichofutwa kinaweza kurudishwa, nia ikiwapo.

Huko Masisi, ngazi ya kwanza ipo na ya pili haipo. Mwenyekiti wa komite ya wazazi aliyezoea kusimamia fedha za watu mbele ya watu, aliyesuluhisha familia za Kihunde, za Kihutu, za Kitutsi na za Kitembo kwenye uwanja mmoja wa shule, hana pa kwenda. Akitaka siasa, itambidi arukie ubunge, na ubunge unataka fedha asizokuwa nazo. Kizazi kizima cha viongozi kimeishia kwenye lango la shule.

Kisha mambo yakawa mabaya zaidi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na wanajeshi na polisi wakachukua nafasi za viongozi wa kiraia, kuanzia gavana hadi mameya na wasimamizi wa terituari. Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 wakaitwaa Rubaya. Januari 2025 wakaingia Masisi-Kati, na kabla mwezi haujaisha, Goma. Walikale-Kati ilifuata Machi, ingawa baadaye waliondoka huko. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za koltani ya Rubaya ziliwapa waasi karibu dola 800,000 kwa mwezi. Kila aliyeitawala milima hii kwa bunduki ameweka wasimamizi wake na watoza ushuru wake. Hakuna aliyewauliza wenyeji wanamtaka nani.

Siku moja makubaliano yatafikiwa na CENI itarudi Masisi na madaftari yake. Ombi letu kwa Kinshasa, kwa wabunge na kwa wapatanishi wanaokaa mezani kwa jina la Kivu ni hili: kura ya baraza la sheferi na la sekta isiachwe tena ije mwisho, na wala isije kabla swali la uraia halijajibiwa kwa haki na hati kugawiwa, kwa maana Ntoto imetuonyesha gharama yake. Komite za wazazi zihusishwe katika kuandikisha wapigakura, kwa kuwa zinawajua watu wa vijiji vyao kwa majina. Na asilimia 15 ya mrabaha isilipwe tena kwa kitengo kisichokuwa na baraza lililochaguliwa. Iwekwe kwenye akaunti maalumu hadi watu wa Kibabi, wa Rubaya na wa Bisie watakapompata wa kuihoji.