Nyama Mbichi ya Nguruwe: Kikantoni na Mtu Aliyebambikiwa

Kikantoni, lugha ya Guangdong na Hong Kong, kina maneno kadhaa ya kusingizia. Kwa uongo wa kawaida baina ya majirani hutosha kitenzi wat (屈). Kesi ya kubuniwa, hasa ile inayodaiwa kutengenezwa na polisi, ina msemo wake: cai saang zyu juk (砌生豬肉), yaani kupanga nyama mbichi ya nguruwe.

Msemo huu una kanuni zake. Mtendwa huingizwa katikati: cai keoi saang zyu juk, "wamembambikia kesi". Akijisemea mwenyewe, husema bei jan cai saang zyu juk. Bei ni alama ya kutendwa, na katika Kikantoni, tofauti na Kichina cha Beijing, kwa kawaida alama hiyo haisimami bila mtenda. Hata asipojulikana, sharti awekwe jan, "mtu".

Kiswahili hakina sharti hilo. "Amebambikiwa kesi" ni sentensi kamili. Kiambishi -w- kimekwisha kumsitiri aliyebambika.

Katika Hong Kong ya ukoloni, kumtaja "mtu" huyo kulikuwa jambo moja, kumfikia kulikuwa jambo jingine. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, rushwa ya polisi ilichunguzwa na kitengo cha polisi wenyewe. Juni 1973, Peter Godber, afisa wa ngazi ya juu aliyekuwa akichunguzwa kwa mali ya zaidi ya dola milioni 4 za Hong Kong, alitorokea Uingereza. Wananchi waliandamana wakidai arudishwe. Februari 1974 iliundwa tume ya kupambana na rushwa iliyo nje ya jeshi la polisi, ikiwajibika kwa gavana moja kwa moja. Godber alirejeshwa mwaka 1975, akafungwa miaka 4. Kosa lake lilikuwa rushwa, si kubambika. Lakini swali lilikuwa lile lile la kila aliyebambikiwa: nani atamchunguza askari?

Asiyepata jibu hubakiwa na msemo wa tatu, sik sei maau (食死貓), kula paka aliyekufa: kubebeshwa kosa la mwingine na kulimeza kimya. Humo mtenda ni mlaji mwenyewe. Aliyempakulia hatajwi.