Afisa elimu na mkutano wa mtaa
Mzazi wa Kiwalani, Dar es Salaam, akitaka kujua kwa nini darasa la mwanawe limefurika, huanza kwa mwalimu mkuu. Asiporidhika, humtafuta mwenyekiti wa mtaa au diwani. Mara chache humkumbuka Afisa Elimu Kata, ingawa ndiye anayezisimamia shule zote za kata hiyo na ndiye mwenye takwimu zake mkononi. Kosa si la mzazi. Cheo cha afisa elimu kimepita mikono mingi kwa zaidi ya miaka 60, na katika safari yote hiyo mwenye cheo amefundishwa kutazama juu, kwa wakubwa wake. Kumtazama anayemhudumia hakukuwamo katika mafunzo.

Enzi za Waingereza, shule nyingi za Waafrika zilikuwa za misheni, na afisa wa Serikali alifika kukagua. Ruzuku ya misheni ilitegemea ripoti yake. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule hizo mikononi mwa Serikali, lakini tabia ya ukaguzi ikabaki. Mwaka 1972 likaja jambo zito zaidi. Sera ya Madaraka Mikoani, kwa jina lake, ilikuwa ya kumpelekea mwananchi uamuzi, ila iliandamana na kuvunjwa kwa halmashauri, na maafisa wa wilaya, wa elimu wakiwamo, wakawa chini ya wakurugenzi walioteuliwa na Serikali Kuu. Miji ilirudishiwa mabaraza mwaka 1978, na halmashauri za wilaya zikarejea 1984. Kiwalani yenyewe iliingia Manispaa ya Ilala mwaka 2000, kisha ikawa ndani ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 2021. Vibao vya ofisi vimebadilika, lakini njia ya taarifa haijabadilika: kutoka shule kwenda kata, kutoka kata kwenda kwa mkurugenzi.

Hata hivyo, historia hiyohiyo inaonyesha kwamba elimu yetu ilipiga hatua kubwa pale maafisa walipotoka kwenda kwa watu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata iliwategemea maafisa na walimu wa kujitolea waliokwenda kuzungumza na watu wazima walikokuwa wakiishi na kufanya kazi. Kwa takwimu za Serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Tena, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza 2002, kamati za shule zilipewa fedha za kusimamia, na mapato na matumizi yakatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Uandikishaji wa shule za msingi ulipanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Kufutwa kwa ada kulichangia sana, sikatai. Lakini madarasa yale yalihitaji nguvu za wananchi, na mwananchi hutoa nguvu zake anapojua zinakwenda wapi.

Tulipolisahau hilo, tuliona matokeo yake baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016. Wazazi wengi walielewa kwamba hawadaiwi chochote tena, hata chakula cha mtoto, na mwaka huohuo Serikali ikalazimika kutoa waraka mwingine kufafanua wajibu wa kila mmoja. Karatasi haijibu swali la mzazi. Lilikuwa jambo la kuelezwa ana kwa ana, mtaa kwa mtaa.

Wapo watakaosema afisa elimu ni mtumishi wa umma, na akisimama mbele ya mkutano wa mtaa kueleza mambo hayo atajiingiza katika siasa. Kazi hiyo ni ya diwani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini diwani hutetea uamuzi na kuomba kura, ilhali afisa anatakiwa kueleza hali ilivyo: watoto wangapi kwa dawati, walimu wangapi wa hisabati, ruzuku imefika au haijafika. Diwani naye atabishana vizuri zaidi katika Kamati ya Maendeleo ya Kata akiwa na wapiga kura wanaozijua hesabu hizo. Wengine watasema afisa huyu hana fungu la fedha wala hawezi kuajiri mwalimu, hivyo uongozi wake utakuwa maneno matupu. Horace Mann naye, alipoteuliwa mwaka 1837 kuwa katibu wa bodi ya elimu ya Massachusetts, Marekani, kisheria hakuwa na zaidi ya kukusanya habari na kuzitangaza. Alizunguka jimbo akiitisha mikutano, na shule za umma zikapata watetezi zisiokuwa nao.

Ninachokitaka kinaweza kuanzia Bagamoyo, kwenye ADEM, wakala unaowaandaa viongozi wa elimu tangu 2001, na kabla yake chuo cha MANTEP. Pamoja na bajeti na usimamizi wa walimu, afisa afundishwe kuendesha mkutano wenye wazazi waliokasirika, kusoma hesabu kwa sauti, na kurudi mwezi unaofuata na majibu. Kisha Januari, watoto wapya wa darasa la kwanza wanapoanza masomo Kiwalani, apewe nafasi ya kwanza kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa.